Saini Niliyotia Bila Kushuka Kisimani

Vijana wangu wa Matiliku, video mliyonitumia kwa furaha nimeitazama, na ilinibidi niizime mara mbili kabla ya kufika mwisho. Mwenzenu, aliyeanza kazi ya visima siku nne zilizopita kwa hesabu yenu wenyewe, anashushwa mita kumi na mbili akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, nanyi mko juu mnapiga makofi na kumwambia ajiamini. Ajiamini kwa msingi gani? Nauliza kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imeanza kuniishia. Mtu wa siku nne bado hajapata cha kukiamini. Alicho nacho ni bahati, na bahati haifungwi kiunoni.

Mmeniomba niwaandikie siri za kazi kwa kuwa nimestaafu na nina nafasi. Siri sina. Nina aibu moja kubwa na mazoea machache yaliyotokana nayo. Nimefikiri wiki nzima niyapange vipi, nikaandika dibaji mbili, nikazichana zote mbili. Basi nitaanza pale panaponiuma.

Nilikuja katika kazi hii na shahada ya uzamili ya jiolojia, na tasnifu kuhusu jinsi maji yanavyojificha katika miamba iliyooza ya Ukambani. Mradi mdogo wa maji ulioniajiri ulinifanya mkaguzi wa pekee kwa Kitui na Makueni, ukanipa wajibu mmoja: kisima kinachochimbwa kwa mkono kikifika mahali pa kuongezwa kina, nikague ukuta wake, na nikiridhika nitie saini kwenye kadi ya kisima. Bila saini yangu, mchimbaji hashuki. Kwa saini yangu anashuka, na ukuta ukimwangukia hakuna wa kumtoa kwa wakati. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mengine yote nitakayoyasema yanalitegemea.

Kisima changu cha kwanza kilikuwa upande wa Ikutha, kina cha mita kumi na tano. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Nzioka, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kuigombeza kamba kama mtu anayegombeza punda.

"Umewahi shuka?" akaniuliza.

"Naufahamu utaratibu."

"Sijauliza kama unafahamu. Nimeuliza kama umewahi shuka."

Wanaume wanne walikuwa wakinitazama. Mimi, niliyezoea kupima kila neno, nilijibu kwa kuuvaa mkanda. Hilo ndilo kosa mnalolirudia leo, ila nyinyi mnalipiga picha.

Chini kulikuwa na nafasi ya mtu kuchuchumaa na ndoo yake. Nilipoinua macho, mdomo wa kisima ulikuwa umebaki kama sufuria ya chai. Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilianza kukokotoa uzito wa udongo ulionizunguka, na hesabu ilikuwa sahihi, na usahihi wake ndio ulionimaliza. Kifua kikajifunga. Nzioka aliniamuru kutoka juu niweke mguu kwenye kitanzi cha kamba, nami nikautazama mguu wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ilibidi mchimbaji mmoja ashuke anifunge, nikavutwa juu nikizunguka na kugonga ukuta kila upande.

"Amepanda kama ndoo," akasema aliyeshika mpini wa winchi.

"Wacha matusi," akajibu mwenzake. "Ndoo hupanda na kitu ndani."

Walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka, kwa adabu. Kisha kwa miezi mitatu sikuingia tena kisimani, na hakuna aliyejua.

Hakuna aliyejua kwa sababu ya kioo. Jua likiwa limepanda, unasimama ukingoni na kioo cha kunyolea, unalielekeza jua ndani, na ukuta unaonekana mpaka chini, kila ufa na kila mzizi. Nzioka mwenyewe alinifundisha. Ni ujuzi mzuri, jifunzeni. Kazi yake ni kukuambia kama inafaa ushuke. Mimi niliufanya uwe badala ya kushuka. Nilisimama juu mbele ya makundi ya wachimbaji wasionijua, huko Malili, kisha Salama, kisha kwenye njia ya Mutomo, nikamulika, nikaandika maelezo marefu yenye istilahi, nikatia saini. Kadi haikutaja mahali pa mkaguzi kusimama. Niliisoma mara nyingi ili nihakikishe.

Saini ya nne niliitia hapo kwenu Matiliku, Ijumaa moja ya kiangazi, kwa kisima cha kikundi cha akina mama. Mwenyekiti wao alikuwa Kalunde, ambaye kila mtu, hata wazee kuliko yeye, alimwita Mwaitu, yaani mama. Kisima kilikuwa na mita kumi na moja na maji ya kulowesha kisigino tu. Kwenye mita ya saba kulikuwa na rafu ya mwamba iliyochomoza. Nilimulika, nikaiona rafu, nikaandika kwamba ni imara. Kundi la Nzioka lilitarajiwa Jumatatu kuongeza mita mbili.

Jumamosi asubuhi, kwa kuwa akili yangu haijui kupumzika, nilichukua ndoo, nikabana kipande cha tofali ndani yake katikati, nikamulika kwa kioo kile kile. Juu ya tofali kulikuwa na mwanga. Chini yake, giza. Nikakigeuza kioo huku na huku; giza halikuhama. Nilikuwa nimetia saini juu ya giza, na Jumatatu Nzioka angekuwa chini ya giza hilo akipiga sururu.

Nilimkuta kwake, ng'ambo ya Salama, akitengeneza mlango wa zizi la mbuzi.

"Sikushuka," nikamwambia.

"Wapi?"

"Matiliku. Wala Malili, wala Salama, wala njia ya Mutomo. Nilitumia kioo."

Alimaliza kugongomea msumari wake kwanza.

"Msomi. Hiyo kioo iko na mkono ya kugonga ukuta?"

"Haina."

"Iko na watoto?"

"Haina."

"Mimi niko nao. Watano." Akaokota msumari mwingine, akautazama, akautupa. "Toa simu."

Alinifanya niwapigie wasimamizi wa visima vyote vitatu pale pale, nikiwa nimesimama kwenye kinyesi cha mbuzi. Nilianza kueleza tofauti kati ya kumulika na kukagua, hadi aliponinyang'anya simu. "Musishuke," akasema. "Basi." Akapiga namba ya pili. "Musishuke. Basi." Hivyo ndivyo visima vinne vilivyosimama katika kiangazi kile, vikimngoja mtu mmoja aweze kushuka.

"Sasa iko njia mbili," akasema. "Niandikie ofisi barua, ufutwe. Ama kamba."

Nikamwambia nitashuka Jumatatu. Hapo ndipo alipokasirika kweli, kuliko alivyokasirika kwa saini.

"Jumatatu! Huyu mtu haskii! Si hiyo haraka ndio ilikuharibu Ikutha?"

Nilimwomba basi akague yeye, nami nitie saini kwa neno lake. Akasema, "Nikuangalilie leo, kesho urudi kwa kioo," na akaniambia nije kwa mama yake Jumatatu, na nije nikiwa nimekula kidogo.

Mama yake alikuwa na kisima kikuukuu kilichokauka, kimejengwa kwa mawe, mita tisa. Siku ya kwanza nilikaa ukingoni nimefungwa mkanda, miguu ikining'inia ndani. Hakuna kingine. Kabla ya kunifunga, Nzioka alikuwa ameteremsha taa ya chemni hadi chini na kuipandisha ikiwa bado inawaka, nami nikadhani sasa tunaanza. Hatukuanza. Saa nzima ilipita. Mama yake alinihurumia, akaniletea bakuli la muthokoi, nikalila pale pale.

"Nzioka," akamwuliza mwanawe, "huyu mgeni amekosa kiti?"

Siku ya pili, mita moja. Ya tatu, mita mbili. Kila kina mara tatu, na kila mara lazima mikono ifanye kazi: nifunge fundo na kulifungua, kisha nisome futi ya kupimia kwa sauti, naye asikilize. Hakujali nilichosoma. Alisikiliza sauti. Ikitetemeka, hakuniruhusu kushuka zaidi wala kupanda. "Kaa hapo. Hesabu mawe. Woga ikijua inaweza kukupandisha, kesho itakuja mapema." Nikakaa, nikahesabu mawe, na sauti ikarudi, wakati mwingine baada ya dakika mbili, wakati mwingine baada ya muda ambao naona haya kuuandika. Ndipo akasema, "Sasa panda, umetulia."

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mkiisoma nusu mtauana. Nzioka alitofautisha woga wa kifua na woga wa kisima. Kifua kikilia, kaa. Kisima kikilia, toka. Kokoto zikidondoka, harufu ikibadilika, taa ikififia, kichwa kikianza kuuma, maji yakitoka mahali yasipokuwa jana: hapo hukai kuhesabu chochote, unaita juu nao wanavuta, na hakuna anayeruhusiwa kukucheka, hata kama ulikosea. Zile siku zote za kushuka na kupanda zilikuwa za kunizoesha sauti ya kifua changu, ili siku kisima kitakaposema nisichanganye sauti mbili. Mtu aliyerushwa chini siku ya nne anasikia kelele moja tu.

Na kifua kilichotulia pia kinaweza kudanganya. Miaka mingi baadaye tulikuwa na mchimbaji aliyeitwa Muia, hodari, asiyeogopa kitu. Mpira wa pampu ya petroli haukuweza kuyavuta maji kutoka kina kile, akaona njia fupi: akaiteremsha pampu yenyewe ndani, ikanguruma huko, maji yakatoka, watu wakamsifu. Ilipozimika akateremsha taa kama tulivyofundishwa. Taa ikawaka vizuri kabisa. Akashuka akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alikuwa amefungwa mkanda, kwa hivyo walimvuta, na aliishi, ingawa kichwa kilimsumbua muda mrefu. Taa hufa hewa ikipungua. Moshi wa injini unaweza kuua mtu taa ikiwa bado inawaka. Injini ya mafuta haiteremshwi kisimani, na haiwekwi hata mdomoni mwake. Siku hizi mna kifaa cha kupima hewa, nami nimewaona mkikivaa shingoni. Kikiwa hakina chaji, hicho ni kidani.

Narudi kwa mama yake Nzioka. Sharti jingine lilikuwa kwamba siku moja haibebi mambo mawili mapya. Kina kikiwa kipya, kamba ni ile ile na aliyeshika winchi ni yule yule. Kisima kikiwa kipya, unarudi mita ya kwanza, hata kama jana ulifika tisa. Nililiheshimu sharti hilo kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na usahihi ambao sikuwahi kuukuta katika vitabu vyangu. Heshima haikunizuia kulivunja. Siku ya sita nilikuwa mita tano, nikaona nimechelewa, nikajiongezea mita moja bila kumwambia, na siku hiyo hiyo nilikuwa nimebadilisha kofia. Kifua kikafunga kama Ikutha. Nilikaa chini nikihesabu mawe hadi kivuli kikahama ukuta. Kesho yake Nzioka alinirudisha mita nne. Nikamwonyesha ratiba niliyokuwa nimeichora kwa rangi tatu, kuthibitisha kwamba kwa mwendo huo hatutamaliza. Aliitazama kwa makini, akampa mama yake, naye akawashia jiko.

Siku hiyo ndiyo Kalunde alikuja kuona kwa macho yake. Alisimama na mikono kiunoni, na wenzake wawili nyuma.

"Ndio huyu? Sisi tunaamka saa kumi na moja kwenda kufukua mchanga mtoni tupate maji, na yeye anashuka anapanda, anashuka anapanda, kama mtoto na bembea!"

"Mwaitu, tuko karibu," Nzioka akasema.

"Karibu na nini? Mimi nimezaa watoto saba na hakuna mtu alinishusha polepole!"

Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa mita nne chini na nilisikia kila neno. Alikuwa na haki. Niliwaza kuomba nivutwe, niende naye Matiliku mara moja, niyamalize. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu, maana ndivyo ninavyowaza. Kisha nikasoma futi kwa sauti, kama kazi ilivyotaka, na Nzioka akasema, "Hiyo ni sawa. Tena."

Siku ya kumi na moja tulikuwa Matiliku. Hewa ilikuwa imekaguliwa, jua lilikuwa limepanda, kioo kilikuwa kimetumika kwa kazi yake halisi. Kikundi kizima kilikuwa pale, kimepanga jerikeni kana kwamba maji yangetoka nami. Nilianza mita ya kwanza. Nikafunga fundo. Mita ya tatu. Mita ya tano. Kwenye ya sita kifua kikaanza, nikakaa, nikahesabu alama za sururu ukutani, na kwenye alama ya hamsini na kitu, kikaniacha. Sikukishinda, msiandike hivyo popote. Kilichoka.

Kwenye mita ya saba nilining'inia kando ya rafu, nikagonga mwamba juu yake kwa nyundo. Sauti ilikuwa nzito, ya kuridhisha. Nikagonga chini yake, pale ambapo kioo hakikuwahi kufika. Ikalia kama debe tupu. Nikapitisha vidole kwenye ufa. Vikaingia. Kiganja kikaingia. Mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko, na nyuma ya mwamba ule hapakuwa na kitu cha kugusa. Kokoto tatu zikateleza kwenye mkono wangu, zikadondoka majini, moja baada ya nyingine.

Kifua changu kilikuwa kimya kabisa.

"Pandisha," nikasema. Aliyekuwa kwenye winchi aliniambia baadaye kwamba nilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Nilipotoka nilimweleza Nzioka kwa maneno machache, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Hakunisifu. Alitembea hadi ukingoni, akachungulia ndani, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kuwaamuru watu wake wasogee. Kisha nikamgeukia Kalunde. Nikamwambia kwamba nilitia saini bila kushuka, kwamba saini ilikuwa ya uongo, na kwamba kisima hiki hakiwezi kuongezwa kina. Kitafukiwa na kuanzwa kingine pembeni, na hilo ni suala la miezi.

"Siku kumi na moja," akasema Kalunde. "Tumekungoja siku kumi na moja ndio utuambie hapana."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na ungeshuka ile siku ya kwanza?"

Nilifikiri. Nilitaka jibu liwe sahihi.

"Ningefumba macho huko chini, nipande, niseme iko sawa."

Alimtazama Nzioka, aliyekuwa akikunja kamba. Kalunde akatoa kadi ya kisima kutoka kwenye kiondo chake, akaifungua pale penye saini yangu, akanipa.

"Andika tena. Na usiandike vile ulisoma. Andika vile umeona."

Nilipiga mstari juu ya maelezo yangu marefu na juu ya saini. Chini yake niliandika: Mita saba, chini ya rafu, mkono unaingia hadi kwenye kiwiko. Asishuke mtu. Nikatia saini mpya. Kalunde akaisoma polepole, akilisogezea kidole kila neno, kisha akaikunja na kuirudisha kwenye kiondo.

"Haya," akawaambia wenzake, akiinua jerikeni yake tupu. "Mtoni."

Wakafuatana kushuka bonde, jua likiwa la saa sita.